Ndama wa Zamu

Hapo zamani, na asiniulize mtu mwaka gani, kulikuwa na kijiji kinaitwa Ikandana, juu milimani, kwenye baridi inayokufanya uoge kwa kuahirisha. Mimi shule niliiacha mapema kabla haijanipotosha, kwa hiyo hadithi yangu inakwenda moja kwa moja, haina kona. Mwenye akili aifuate. Asiye nayo aazime kwa jirani.

Ikandana walikuwa maskini. Udongo wao ulichoka ukawa unatoa mahindi ya urefu wa kidole. Wakaletewa magunia ya msaada. Wakala, chakula kikaisha, wakayakata magunia yenyewe wakavaa. Njaa ilipozunguka ikarudi, ikawakuta wamevaa chapa ya mfadhili. Mnacheka? Haya chekeni, mkichoka tuendelee.

Basi wakajaribu njia nyingine. Aliletwa mtamba mmoja wa maziwa, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, na masharti yake yakasomwa mbele ya wote. Hachungwi, anafungwa bandani na kukatiwa majani. Samadi yake inarudi shambani. Na ndama jike wa kwanza anapitishwa nyumba inayofuata, nayo nyumba hiyo ikipata wake inapitisha, mpaka kijiji kizima kinywe maziwa. Wakamwita ng'ombe wa zamu. Kila nyumba ikaapa.

Zamu ya kwanza ilimwangukia Tumpale, mjane. Akamfuga ng'ombe kama mkwe. Samadi ikaingia shambani, mahindi yakaanza kumzidi kimo, watoto wakarudi shule kusoma yale niliyoyakimbia mimi.

Aliyefuata kwenye zamu alikuwa Ambakisye, jirani yake. Anayesubiri lazima ajiandae, hivyo akajenga banda, akaacha kulima mahindi kwenye mteremko wake, akapanda mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, yashike udongo usitembee na mvua. Mbegu alitoa wapi? Kwa Tumpale. Tumpale alikata majani yake mwenyewe, ng'ombe wake akawa analala nusu tumbo.

"Chukua, Baba Bupe," alimwambia. "Ndama wako asije akakuta banda tupu."

Na wa mwisho kabisa kwenye zamu alikuwa Subilaga, maana alihamia kijijini baada ya wenzake. Yeye alikuwa na mbuzi wa maziwa tu. Mbuzi alikula nini? Mabingobingo ya Ambakisye.

"Kata tu, dada," Ambakisye alimwambia. "Ndama wangu bado yuko tumboni, hawezi kukugombeza."

Mmeshika? Majani ya Tumpale yakaenda kwa Ambakisye, majani ya Ambakisye yakaenda kwa mbuzi wa Subilaga. Shikeni hapohapo, msiniangushie.

Siku ikafika. Ng'ombe akazaa mchana kweupe, ndama jike, vigelegele mpaka bonde la pili. Kisha ng'ombe akalala. Wakamsukuma, hakuamka. Bwana mifugo alifika akapokewa na nzi.

Tumpale akambeba ndama akakimbia naye kwa Subilaga. "Mama Lusajo, niokolee huyu."

Subilaga hakuuliza kitu. Akamkamua mbuzi wake, akamnywesha ndama kwa chupa, asubuhi na jioni. Lakini mbuzi naye alikuwa na vitoto viwili, na maziwa hayakutosha wote. Kimoja kikafa. Cha pili kikamfuata. Ndama akasimama, akanenepa, akawa anamwandama Subilaga kila aendako.

Mnadhani imeisha? Ingeisha ningekuwa nimeshaondoka, mimi si mtu wa kukaa.

Ndama alipoanza kula majani, Ambakisye akaja na kamba nyumbani kwa Subilaga. "Nimefuata zamu yangu."

Tumpale akamzibia njia. "Zamu gani, Baba Bupe? Niliapa kutoa ndama kwa sababu ningebaki na ng'ombe. Leo ng'ombe yuko wapi? Nikikupa huyu, mimi narudi kuvaa magunia."

"Na mimi niliacha mahindi nikapanda majani, kwa kuwa nyie mliniambia. Wanangu wamekunywa uji wa maji msimu mzima. Nikikosa ndama, tutafune mabingobingo?"

"Niliyokupa mimi. Ng'ombe wangu alishinda njaa kwa ajili yako. Pengine ndiyo iliyommaliza."

"Usinitwishe mzoga, mama. Sikukutuma umnyime."

Subilaga alisimama kando, ndama akimlamba kiganja. "Mmemaliza? Vitoto vyangu viko chini ya udongo kwa ajili ya huyu. Haendi popote."

"Hukuniambia kwamba kuna malipo," akasema Tumpale.

"Na wewe hukuniambia kwamba ni bure."

"Mbuzi wako alishiba kwangu," akasema Ambakisye.

"Alishiba. Vitoto vilivyokufa vilikuwa vyako?"

Akaitwa Anyosisye, mwenyekiti wa kikundi cha ng'ombe wa zamu, mama asiyependa maneno marefu. Mtu mmoja akapendekeza ndama auzwe wagawane.

"Tule tena tuvae magunia?" akauliza Anyosisye. Mwingine akasema afugwe na wote watatu. Anyosisye akamjibu, "Ng'ombe wa wote hufa siku ambayo kila mtu anadhani mwenzake kakata majani."

Akaishika kamba yeye. Akawatazama.

"Nikimwachia Tumpale, nani tena ataandaa banda akiisubiri zamu? Nikimpa Ambakisye, nani atakubali kufuga, akijua kifo kikija hasara ni yake peke yake? Nikimnyima Subilaga, kesho ndama yatima atapelekwa kwa nani? Msiniambie asubiriwe azae. Mpaka huyu akue, abebe mimba, apate jike, hao watoto wenu watakuwa na ndevu."

Nyumba nyingine zinazosubiri zimejaa uani, zinatazama kamba ile inaelekea wapi, maana inakoelekea ndiko zamu yote inakoelekea.

Haya, nyie, msitazame viatu. Mimi jibu ninalo. Nimelibadilisha tangu asubuhi, lakini ninalo, na siwapi. Kuna aliyempoteza mama wa ndama, kuna aliyemwandalia pa kulala, kuna aliyemnywesha uhai. Je, ni nani aliyestahili kukabidhiwa kamba? Semeni upesi, ndama ameanza kulia njaa.