Ukuta wa Picha kwenye Duka la Pikipiki

Wapendwa, tulieni kidogo. Najua mmeacha maharage jikoni, hayataungua. Kabla hatujaomba nataka niwapeleke dukani.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa anauza pikipiki, kwenye mji uliojaa bodaboda. Hakuwa mtu mbaya, naomba mlishike hilo. Duka lake liling'aa: vioo mbele, vigae vyeupe chini, pikipiki zimepangwa zote zinatazama barabara. Na alikuwa na utaratibu wake. Ukinunua, unafungiwa utepe mwekundu kwenye usukani, wafanyakazi wanakupigia makofi, unapigwa picha umeikalia, na picha inatiwa fremu na kutundikwa ukutani. Ukuta mzima ulikuwa watu wanacheka. Nani asingependa kununua pale?

Ila pikipiki ikishaharibika, isionekane mbele. Mwenye shida azunguke uchochoroni, agonge geti la nyuma, fundi amfungulie. Mwenye duka alisema jina la duka ni kama shati jeupe, doa moja tu na watu hawatazami kingine.

Basi Jumamosi moja alikuwa anazindua pikipiki za toleo jipya. Maputo, matarumbeta, watu wamejaa mpaka nje. Katikati ya shughuli hiyo akaingia dereva mmoja wa bodaboda, anaisukuma pikipiki yake, ina matope mpaka kwenye taa.

"Shikamoo bosi. Breki hazishiki. Nakanyaga, nakanyaga, inaenda tu. Na mimi nabeba watu."

"Marahaba. Zunguka nyuma, ndugu yangu."

"Nimetoka huko. Pamefungwa."

Kweli palikuwa pamefungwa. Fundi alikuwa amevalishwa fulana mpya na kusimamishwa mbele agawe soda, na aliyemsimamisha ni mwenye duka mwenyewe. Akawatazama wageni, akayatazama matope yanavyodondoka kwenye vigae, akaona aibu.

"Basi njoo Jumatatu. Leo unaona mwenyewe, tuna wageni."

Dereva akainua macho ukutani, akanyoosha kidole. "Bosi, si mimi yule pale?"

"Ni wewe. Ndiyo maana nakuomba usituaibishe."

Dereva hakubisha. Akaomba radhi kwa ajili ya matope, akaigeuza pikipiki, akatoka. Mmesikia jamani? Aliyeomba radhi ni yeye. Mwenye duka akaita mtu apige deki, na shughuli ikaendelea vizuri sana.

Jumatatu dereva hakutokea, na mwenye duka hata hakumkumbuka. Jumanne asubuhi geti la nyuma likagongwa, taratibu. Fundi alikuwa hajafika, mwenye duka akaenda kufungua mwenyewe. Amesimama mwanamke, kajitanda kanga, macho yamevimba, miguu imejaa tope la uchochoroni.

"Shikamoo baba. Samahani kwa usumbufu. Mume wangu alinunua pikipiki hapa kwenu. Juzi ilimshinda kwenye mteremko wa darajani, akaingia chini ya lori. Tunamzika leo. Nyumbani hatuna picha yake ya maana, ila alikuwa anasema hapa ipo moja, anacheka. Naomba mniazime niiweke juu ya jeneza. Nitairudisha."

Mwenye duka akashika geti. "Pole mama. Pole sana. Lakini mbona umepita huku? Mbele ni wazi."

"Marehemu aliniambia," akajibu mama wa watu. "Alisema mbele ni kwa wenye furaha. Mwenye shida anapita nyuma."

Hakuwa anamsuta. Alikuwa anafuata utaratibu. Mwenye duka akaenda kuitungua ile picha, na mbele ya wateja wake akalia kama mtoto. Machozi yale yangemsaidia nini yule mama?

Wapendwa, na sisi tuna ukuta wetu. Mgeni akija hapa tunamsimamisha, tunampigia makofi, kwaya inamwimbia. Siku ya ubatizo tunampiga picha. Halafu ndoa yake inavunjika. Pombe inamrudia. Anakuja Jumapili na matope yake, na sisi tunamwambia nini? Kamwone mzee wa kanisa kwanza. Njoo ofisini siku ya kazi. Leo tuna wageni. Jina la kanisa linabaki safi, na mtu wetu anateremka kule peke yake, hana breki.

Kuna mtu alikuwa anakaa benchi lile karibu na dirisha. Mnamjua, na mnajua kilichompata. Hajatuchukia. Ametuonea haya, hataki kutuchafulia sakafu. Na picha yake bado ipo pale ofisini, anacheka.

Mkitoka hapa msiende moja kwa moja kwenye maharage. Mpitieni kwake. Msingoje Jumatatu.