Kitambaa cha Kupimia Watu

Hapo zamani za watawala waliokosa kazi ya kufanya, Sultani Hudhari aliamka asubuhi moja akaona raia zake wamechanganyika mno. Walikuwa wakioana na kuzikana miaka nenda miaka rudi, bila kumwomba mtu ruhusa. Basi akaamuru nyuso zao zipimwe kwa vitambaa viwili, cheupe na cheusi: aliyekaribia cheupe akae Mtaa wa Juu, aliyekaribia cheusi akae Mtaa wa Chini. Waziri wake, msomi kwelikweli, akashinda uani akilinganisha mashavu ya watu wazima, na wala hakuona haya.

Ikawa Mbaruku, fukara mmoja mwenye maneno, akapangiwa Chini, na mkewe Mwanakheri akapangiwa Juu. Askari walipoanza kutoa kitanda chao nje, Mbaruku akakimbilia barazani kwa Sultani.

"Bwana wangu, mimi na mke wangu tumekukosea nini?"

"Hamkukosa kitu. Ni utaratibu tu," akasema Sultani. "Kila mtu ana mahali pake pamoja, si pawili. Niletee mtu mmoja anayestahili mitaa yote miwili, nami nitaifuta amri. Ukishindwa kabla ya alasiri, mkeo anahama, na hutamwona tena."

"Hewala, bwana. Naomba vitambaa."

Akapewa. Na Sultani ndiyo kwanza alikuwa ametoka mawindoni, jua limemchoma barabara. Mbaruku akasogea, akaweka vitambaa vyote viwili shavuni pa Sultani. Kisha akasema kwa adabu zote, "Mola akuweke. Hebu fungua vifungo vya kanzu."

Sultani akafungua, kwa kutaka tu kuona upumbavu huu utaishia wapi. Tumbo lile lilikuwa halijaona jua tangu lizaliwe. Mbaruku akalipima nalo, akamgeukia Waziri.

"Tusomee, wewe mwenye elimu."

Waziri akasoma kwa sauti ndogo kwamba shavu limekaribia cheusi, na tumbo limekaribia cheupe.

"Basi mtu nimempata," akasema Mbaruku. "Kichwa chako, bwana, kinahamia Mtaa wa Chini leo hii, na mto wake nitaubeba mimi. Tumbo libaki hapa ikuluni, Mtaa wa Juu, maana siku zote ndilo lililokuwa likitawala."

Baraza zima likaumauma midomo. Sultani akafunga vifungo vyake taratibu, akaagiza kitanda cha watu kirudishwe ndani. Na amri ikafutwa siku ile ile. Msidhani aliona haya, maskini. Kichwa chake ndicho kilichoogopa kulala njaa huko Chini, mbali na jiko la ikulu.