Amina Iliyofungua Mlango

Nitawapa mfano, ndugu zangu, ambao una fumbo nililoshindwa kulifumbua: nani aliyekuwa wa kwanza kusema.

Alikuwepo mama mmoja, mtafiti. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi virusi hatari vinavyoingia katika seli za mwili wa binadamu. Maabarani alivaa jozi mbili za glavu, na hakutoka kabla ya kuoga. Siku moja, kwenye sala ya jumuiya, jirani akamtania, "Hivi, shemeji, hao wadudu wako wanavunjaje mlango?"

Akacheka. "Hawavunji, shemeji. Wanajifananisha na kitu ambacho seli imezoea kukipokea. Seli inawafungulia yenyewe."

Wiki chache baadaye mtu akasimama wakati wa maombi, kwa sauti ya upole kabisa. "Wapendwa, tumwombee dada yetu. Nasikia analeta maradhi nyumbani kwenye nguo."

Wakainamisha vichwa. Wakasema amina. Nani angekataa kumwombea mwenzake? Na nani aliuliza, "Umesikia wapi?"

Kisha mama mzazi wa mtafiti akafariki. Jumuiyani, kaya ikifiwa, wanaume huchimba kaburi na wanawake hupika siku tatu. Mtafiti akangoja. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Akamfuata mwenyekiti wa jumuiya nyumbani kwake.

"Mwenyekiti, mama yangu yuko ndani, bado hajazikwa. Majembe yako wapi?"

Mwenyekiti hakufungua geti. "Pole sana, dada. Tunakuombea."

"Mmeniombea vya kutosha! Mama amekufa kwa ugonjwa wa moyo. Nyie nyote mmekula ugali wake!"

Kaburi likachimbwa na wenzake wa maabara, watu ambao hawakuwahi hata kumwona huyo bibi.

Mimi simlaumu aliyeogopa. Hofu humpata kila mtu. Lakini ile amina inanichoma! Uongo ulipiga magoti, ukafumba macho, ukaitwa maombi, na mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Mara ngapi tumesema "tumwombee fulani" ili tupate tu kumsema?

Nani alianza, sijui hadi leo. Kilichoamuliwa nakijua: asiende mtu. Waliamua wazee watatu. Waliotekeleza ni kaya ishirini na sita, kila moja kwa kukaa kwake nyumbani.

Jumuiya yetu sisi, ndugu zangu, ukiondoa kaya ya mama huyo, ina kaya ishirini na sita.