Asante ya Siku ya Arobaini

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mtu, mguu na mnazi!

Hapo kale paliondokea mkwezi wa minazi, jina lake Mwinchande. Hodari wa kupanda, hodari wa kucheka watu akiwa juu. Siku moja jirani yake Jecha alipita chini na kofia mpya ya ukili.

"Jecha! Hiyo kofia au kawa la kufunikia wali?"

Akacheka. Akacheka. Alipocheka mara ya tatu, mikono ikasahau kazi yake. Puu!

Mguu ukavunjika pawili. Akaja Bi Mgeni, fundi wa kuunga mifupa, akaunyoosha, akaufunga kwa vijiti na kamba. Watu nao wakaja kumpa pole. Na mtu akikupa pole, wenzangu, hujibu nini?

Asante!

Basi Mwinchande hakujibu hivyo.

"Pole, jirani," akasema Jecha.

"Pole yako itanipandisha mnazi?"

"Pole, mwanangu," akasema shangazi yake.

"Nishaisikia!"

"Pole, mume wangu," akasema mkewe, Siwema.

"Kaa nayo!"

Wageni wakapungua. Uji ukapungua. Hata nzi wakapungua.

Bi Mgeni akaja kukaza kamba, akatikisa kichwa. "Mguu huu una kiburi. Unataka dawa."

"Dawa gani, bibi?"

"Asante. Kila siku moja, tena utaje ya nini, na usirudie hata moja. Siku arobaini. Ukikosa moja, utatembea upande upande kama kaa."

Mwinchande akatoka jasho. Mkwezi anayetembea kama kaa atapanda mnazi gani?

Siku ya kwanza akamwita Jecha. Akameza mate. "Asante... kwa kunibeba mgongoni siku ile." Akajishangaa. Kumbe kweli alibebwa!

Siku ya pili, shangazi. "Asante kwa muhogo. Laini!"

Siku ya tatu hakuja mtu. "Asante kwa kuniamsha," akamwambia jogoo. Jogoo akampa mgongo.

Siku zikaenda. Asante zikawa nyepesi mdomoni. Wageni wakarudi, na uji wao.

Siku ya arobaini ikanyesha mvua kubwa. Hakuja hata mmoja. Na jogoo alikwisha shukuriwa!

"Siwema! Nipe pole, upesi!"

"Pole gani tena? Nilikupa siku ya kwanza, ukaniambia kaa nayo. Ninayo mpaka leo."

Mwinchande akautazama mkeka wa Siwema sakafuni.

"Asante kwa kulala chini usiniguse mguu."

"Haya, umeshapata yako."

"Ngoja. Asante kwa kuniogesha. Asante kwa kunigeuza. Asante kwa kumwaga choo changu bila kukunja uso."

"Uso nilikunja. Hukuona tu."

"Asante kwa kuukunjia nje!"

Akaendelea mpaka mvua ikaanuka. Bi Mgeni akafika, akafungua kamba. Mwinchande akasimama. Hatua moja. Mbili. Tatu. Mbele, si upande!

"Bibi, dawa yako kali!"

"Dawa ipi? Mfupa umeungwa na vijiti."

"Na asante?"

"Hizo za ulimi. Mguu ulivunjika pawili. Ulimi, patatu."

Mwinchande akamgeukia mkewe. "Pole, Siwema. Pole kwa siku arobaini."

Siwema akacheka kidogo.

"Nishapoa."

Hadithi yangu imeingia ndani kwao, ikafunga mlango. Anayetaka nyingine aniambie asante, tena ataje ya nini.