Farasi Aliyenyamaza

Wapendwa, kule kwenye nyanda za juu, ambako ukungu hushuka mchana kweupe na kuwafunika ng'ombe malishoni, palikuwa na bwana mmoja mfunza farasi. Watu walimpelekea farasi wakaidi, warukaji, wenye mateke, na baada ya miezi michache walirudishiwa wanyama watulivu kama maji ya mtungini. Bwana huyu hakuwa na kiboko. Alijisifu kwamba hajawahi kumpiga mnyama maishani mwake. Nguvu zake zilikuwa kwenye lijamu, kile chuma kinachokaa kinywani mwa farasi na kushikana na hatamu. Farasi akikataa chuma kinene, alimwekea chembamba. Akikataa chembamba, alimwekea chenye meno. Na farasi akifunua kinywa kwa maumivu, alimfunga taya kwa ukanda wa ngozi, kinywa kikafumba, na kila aliyepita akasema, tazama utulivu ule.

Mama mmoja mkulima wa viazi alimpelekea farasi wake, Tarumbeta. Jina hilo lilitokana na sauti yake. Mama akitokeza tu kwenye kona ya shamba, Tarumbeta alilia mpaka majirani wakajua mwenyewe amerudi. Tabu yake ilikuwa moja: akiona gari, alitimua mbio, na mama alihofia ataua mtu. Bwana akamwambia amwache hapo, aende zake bila wasiwasi.

Siku mama aliyokuja kumchukua, ukungu ulikuwa mzito. Bwana alimwongoza hadi bandani akiwa na furaha ya mtu anayeonyesha kazi yake. Mama aliingia, akasimama ghafla, akajifunika khanga vizuri mabegani. Ndipo bwana naye, kwa mara ya kwanza, akalisikiliza banda lake. Farasi walikuwa wamejaa humo, na hakuna aliyekoroma. Hakuna aliyepiga kwato wala aliyetafuna. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja, polepole, vikawatazama. Mama akaita jina la farasi wake. Tarumbeta alimtazama kama anavyotazama ukuta.

"Mbona haniitikii?" mama akauliza.

"Amepata adabu," bwana akajibu. "Hapa kwangu hakuna kelele."

Ili kumwondoa shaka, alisema atampanda yeye mwenyewe hadi shambani kwa mama, aone jinsi mnyama anavyokwenda. Wakaondoka, bwana juu ya farasi, mama akitembea ubavuni. Barabara haikuonekana hatua chache mbele. Lori likapita likinguruma, na Tarumbeta hakukimbia. Alifanya jambo la ajabu kuliko kukimbia: aliiacha barabara, akaanza kwenda moja kwa moja ndani ya ukungu, shingo imekakamaa.

Bwana alivuta hatamu. Farasi akaongeza mwendo. Mama, akihangaika kuwafuata, akamwambia kuwa huko mbele kuna machimbo ya mawe. Bwana akasema anamsimamisha. Alivuta kwa uzito wake wote, akaona matone mekundu yakirukia suruali yake, na chini yake yule mnyama hakutoa hata mguno. Kadiri alivyovuta ndivyo farasi alivyozidi kwenda. Hofu ilimwingia bwana yule, hofu ya mtu aliyepanda mwili ambao mwenyewe ameshaondoka.

Sauti ya mama ikatoka nyuma kwenye ukungu, wala haikuwa kubwa.

"Legeza. Anaikimbia mikono yako."

Ndugu zangu, mmewahi kuambiwa muachie kitu pale ambapo moyo wote unawaambia mkazane? Vidole vyake vilikataa. Kisha akaviachia, hatamu zikalegea. Tarumbeta alikwenda hatua kadhaa, akapunguza, akasimama. Mbele ya pua yake ardhi ilikuwa imekwisha. Jiwe likaporomoka kutoka chini ya kwato, na walingoja sana kabla ya kulisikia likifika chini.

Bwana alishuka. Mama akawafikia, akafungua ule ukanda, akatoa chuma, kinywa kikafunuka. Wapendwa, mtu huyu alikuwa amefunza farasi tangu ujana wake, na hakuwahi kuchungulia ndani baada ya kufunga ukanda. Ulimi ulikuwa na mfereji katikati. Fizi, pale chuma kilipolala, zilikuwa nyeusi, na pale zilipochanika mfupa ulionekana. Farasi alisimama kinywa wazi, pumzi yake ya moto ikimpiga bwana usoni, mbavu zikipanda na kushuka kama anayeita, na sauti haikutoka. Mama alimvisha kamba shingoni, wakaondoka wote wawili, ukungu ukawameza.

Bwana akarudi nyumbani kwake. Alipokaribia mlango alisikia kicheko. Mkewe na watoto walikuwa wakidakizana maneno, mwiko ukigonga sufuria. Akasukuma mlango. Kicheko kikakatika. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja, polepole, vikamtazama.

"Endeleeni na mazungumzo," akasema.

"Hakuna kitu, baba," binti yake akajibu, akainamisha macho.

Na huyu ni mtu ambaye hajawahi kuinua mkono juu ya yeyote nyumbani mwake.

Je, sisi tumeshika nini mikononi? Ile dhihaka ndogo mezani, lile jicho, lile swali letu la "umemaliza?" ambalo humfunga mtu kinywa. Tukiona amenyamaza tunaita heshima, tena tunamshukuru Mungu kwa nyumba yenye amani. Ni nani kati yetu aliyewahi kuchungulia ndani?

Tarumbeta alipona, lakini mama yule anasema hakulia tena. Bwana alitupa vyuma vyenye meno, akajifunza upya kushika hatamu kwa vidole vyepesi. Nyumbani ilichukua muda mrefu zaidi. Jioni moja binti yake alimwambia, "Baba, hapo umekosea," na wote mezani wakaacha kula. Bwana akasema, "Nieleze." Msichana akaeleza mpaka chakula kikapoa.

Basi leo, mimi na wewe tukifika nyumbani, tusifungue mlango mara moja. Tusimame nje kidogo, tusikilize. Kisha tuingie, tusikilize tena.