Kunjua Pindo la Koti

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha dawa ya watoto. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha dawa katika spiriti ya moto, kisha kuiacha ipoe polepole mpaka igande kuwa fuwele, zile chembe zinazong'aa kama sukari. Dawa ni ile ile, lakini fuwele zake huja kwa sura mbili. Zikija nyembamba kama sindano, huyeyuka tumboni na mtoto anapona. Zikija bapa, zinapita zilivyo, na mtoto anabaki na homa yake. Tena chembe moja tu ikitangulia kuingia kwenye sufuria, zote hufuata sura yake.

Mama huyu aliipenda kazi yake, maana naye alikuwa na mjukuu. Basi ghafla, sufuria baada ya sufuria, zikawa zinatoka bapa. Akabadilisha spiriti. Akapunguza moto. Wapi! Akaanza kuwatazama wenzake kwa jicho la pembeni, mwishowe akawatoa wote na kufunga mlango. Kesho yake, bapa tena. Akamwendea msimamizi huku analia.

"Bosi, kuna mtu ananiharibia dawa."

"Nani, mama?"

"Simjui. Na mlango nimefunga, haingii mtu ila mimi."

"Sasa mama yangu, humo ndani amebaki nani?"

Mnaona hapo? Akavua koti lake la kazi. Alipokunjua pindo la mkono, likadondoka vumbi jeupe. Akakumbuka siku aliyomsaidia mwenzake kufagia ghala la dawa iliyoharibika, ile iliyotoka bapa. Kulifua koti alilifua, ila pindo hakulikunjua. Maskini, alikwenda kwa wema! Kikulacho ki nguoni mwako, na kwake kilikuwa nguoni kweli.

Sisi je? Mtoto akiharibika tunasema ni simu, ni jirani, ni walimu. Tunafunga milango. Lakini ni nani aliyetukanwa kazini, akalibeba tusi lile mpaka nyumbani, akalidondosha mezani watoto wanakula? Mioyo yao bado ni ya moto, haijaganda. Inangoja chembe ya kwanza.

Sikulaumu, mama. Wala wewe, baba. Yule mama alilifua koti upya, na kwenye sufuria iliyofuata akatangulia kutia chembe moja nzuri kwa mkono wake mwenyewe. Ikatoka sindano tupu, akacheka kwa machozi.

Leo jioni, kabla hujashika kitasa cha mlango wako, simama kwanza. Kunjua pindo.