Kindi na Kazi ya Majina Matatu

Wewe unayekunja pua, nimekuona. Unasema wanyama hawana simu. Ulishawahi kumpekua Kindi mkoba? Basi kaa, usikilize.

Zamani, zile za kale zilizoanza siku mnara wa mtandao uliposimikwa mlimani, Kindi alitaka kitu kimoja tu: cheti cha huduma ya kwanza. Mama yake alianguka mtini akavunjika mguu, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuufunga, uliunga kombo. Mpaka leo bibi huyo anatembea kama anayekwepa madimbwi. Kindi akaapa kufungua kibanda cha tiba.

Mwalimu alikuwa Korongo, akikaa ng'ambo ya ziwa na kufundisha kwa simu. Sharti lake moja: wanafunzi watatu watatu, ukurasa mmoja mtandaoni, kila mmoja aandike kwa jina lake. Ukurasa wenye jina moja aliurudisha bila kuusoma.

Kindi alipangwa kundi moja na Nyati na Fisi. Huo nao ulikuwa mtihani.

Kazi ya mwisho ilihusu kumwokoa aliyenasa matopeni na kumhudumia aliyevunjika paja. Kindi hakuwahi kunasa wala kuvunjika. Alipowauliza wenzake, Nyati alituma picha ya kidole gumba. Fisi alisema mtandao kwake unasumbua, na papo hapo akatuma picha kumi na mbili za mbavu za harusini. Kindi alibembeleza siku tatu, akaambulia vidole gumba vinne na "tuko pamoja".

Ijumaa ikafika. Jua likizama, kazi hazipokelewi tena. Kindi aliutazama ukurasa mweupe, akaufikiria mguu wa mama yake, akaacha kubembeleza. Akaandika:

"Aliyenasa matopeni arukeruke kwa nguvu. Nyati asiulizwe, hajui matope. Aliyevunjika paja afungwe jani la mgomba, kisha atembezwe. Fisi wote wanakubali hivyo."

Akaweka simu mezani, akaanza kumenya karanga. Hata ya tatu hakuifikia.

Ting.

"Nani kakudanganya, kidude wewe?" aliandika Nyati. "Mimi nimezaliwa matopeni. Ukiruka unazama. Jilaze, utandaze uzito, uchomoe mguu mmoja mmoja. Mwenzio akurushie kamba, asikusogelee."

Ting, ting. Mtandao wa Fisi ulikuwa umepona ghafla. Alisema amevunja mapaja mengi kuliko karanga alizokula Kindi tangu azaliwe.

"Usimtembeze, dada. Paja linavuja damu kwa ndani. Mfunge ubao mrefu, upite kiungo cha juu na cha chini, mfupa utulie."

Nyati akamrekebisha Fisi kuhusu kamba za kufungia. Fisi akamrekebisha Nyati. Walibishana mpaka ukurasa ukajaa, na Kindi akajifunza ambayo peke yake asingeyapata mwaka mzima. Alifuta uongo wake, akazipanga hoja zao, akachora ubao unavyofungwa, akatuma jua likiwa limebaki ukucha.

Asubuhi, puu puu mlangoni. Wakubwa wale waliingia wakidai kuombwa radhi. Kindi aliwamiminia chai, akawaonyesha jibu la Korongo: wamefaulu wote watatu, na kozi inayofuata ni ya majeraha ya moto, kundi lilelile.

Fisi alisoma mara mbili. "Kwa hiyo ulijua unaandika uongo."

"Nilijua sijui," alisema Kindi. "Na nilijua hamtavumilia mdogo akosee jambo mnalolijua."

Nyati alipumua, vikombe vikatikisika. Akasema safari nyingine hadanganyiki.

"Safari nyingine andika kabla sijakuchokoza, bwana mkubwa. Kundini, ajuaye akinyamaza, wote wanabaki wajinga." Kindi alijitwika mbao zake za kujengea kibanda. "Haya, nimeshaanza kazi ya moto. Nimeandika kwamba aliyeungua apakwe samli ya moto."

"Samli?" Fisi akadaka simu. Nyati akamnyang'anya, akisema aandike yeye kwanza.

Kindi akatoka, akafunga mlango.